Minara minne ya mawe Uskoti: Jumamosi ni moja, uende upi?

Mama mkwe alipokuja kututembelea Glasgow, siku ya pili tu aliniuliza, "Baba Salma, hizo nyumba za mabwana wa zamani ziko wapi? Au mtanionesha maduka tu mpaka niondoke?" Tulikuwa na Jumamosi moja isiyo na zamu. Yeye ni mtu wa Tanga, anapenda kuona mambo, na goti lake la kulia lina vituko vyake. Nilifungua mdomo nimtajie mnara mmoja, nikaufunga. Nimeshafika kwenye minara minne kwa miaka tofauti na kila mmoja niliupenda kwa sababu yake, lakini hakuna hata mmoja ambao ningempeleka kila mtu.

Haya ndiyo niliyomweleza, nikiyapanga vizuri zaidi kwa ajili ya ndugu wengine walio Uskoti au kaskazini ya Uingereza, na kwa wageni wao.

Kwanza tuelewane juu ya kitu chenyewe. Hapa sisemi kasri la mfalme, wala ngome ya jeshi kama Fort Jesus. Nyumba-mnara ni makazi ya mwenye ardhi yaliyosimamishwa wima: ghala chini, ukumbi juu yake, vyumba vya bwana na familia juu ya ukumbi, na juu kabisa njia ya mlinzi. Pwani kwetu, katika nyumba za mawe za zamani, upana wa chumba uliamuliwa na urefu wa boriti. Waskoti, badala ya boriti, hasa ghorofa ya chini waliifunika kwa tao zito la mawe, ili adui akitia moto ghalani moto usipande juu. Ndiyo maana leo, mbao zote zikiwa zimeoza, mara nyingi unachokuta kizima ni chumba cha chini na kuta.

Zilijengwa nyingi kuanzia karne ya 14 hadi ya 17, kwa sababu ya vita na Waingereza na kwa sababu ya wizi wa mifugo wa mpakani, jambo ambalo msomaji wa kwetu hahitaji kufafanuliwa. Kusudi lake lilikuwa kumzuia mtu asiyetakiwa asifike. Kazi hiyo zinaifanya hadi leo, na wewe mwenye tiketi ndiye unayezuiwa: Threave kwa maji, Smailholm kwa mwamba na upepo, Cardoness kwa mlango, Orchardton kwa kujificha.

Vigezo nilivyotumia

Kila mnara nimeupima kwa mambo manne. Njia: unafikaje, na je, asiye na gari ana tumaini? Jengo: ndani kumebaki nini cha kuona? Ngazi: miguu yako itasema nini jioni? Kisa: kuna habari gani ya kumsimulia mtoto mkirudi garini? Mwisho wa kila mmoja nimetaja unamfaa nani.

Bei sizitaji kwa sababu hubadilika. Yote minne iko chini ya Historic Environment Scotland, taasisi ya umma inayotunza majengo ya kale ya Uskoti. Orchardton ni bure, mitatu mingine unalipa na kwa kawaida hufungwa majira ya baridi. Angalia tovuti yao asubuhi ya safari, si wiki moja kabla, maana siku hizi hufunga sehemu za magofu kukagua mawe yasije yakamwangukia mtu.

Threave: unaozuia kwa maji

*Njia.* Mnara upo kwenye kisiwa katikati ya mto Dee, karibu na mji wa Castle Douglas, eneo la Galloway, kusini-magharibi mwa Uskoti. Kutoka Glasgow kwa gari ni kama saa 2. Ukiegesha shambani Kelton Mains, unatembea zaidi kidogo ya kilomita 1 kwa njia iliyotengenezwa, nyingi yake tambarare, mpaka gatini. Hapo pana kengele. Unaipiga, unangoja, na mwenye boti anakuja kukuchukua. Nauli ya boti imo ndani ya tiketi. Mara ya kwanza nilifika mwishoni mwa mwaka, msimu umeshafungwa, nikasimama ukingoni nikitazama mnara ng'ambo kama fisi anayetazama zizi. Kosa lilikuwa langu, sikuangalia tarehe. Asiye na gari hupanda treni hadi Dumfries, basi hadi Castle Douglas, kisha teksi.

*Jengo.* Ni mkubwa na mkali wa sura. Aliujenga Archibald Douglas, aliyejulikana kama Archibald the Grim, yaani mwenye sura ya kutisha. Alipewa ubwana wa Galloway mwaka 1369, kwa hiyo mnara ulianza kupanda kama miaka 40 baada ya Ibn Battuta kupita Kilwa. Kuta za chini zina unene wa karibu mita 3. Zilikuwa ghorofa 5: chini ghala, kisima na gereza, kisha jiko, kisha ukumbi, kisha vyumba, na juu ni pa walinzi. Leo paa hakuna na sakafu nyingi za juu hazipo, kwa hiyo ukisimama ndani unaona mbingu imekatwa mstatili.

Nje ndiko kwenye kitu cha pekee. Mnara umezungushiwa ukuta wenye matundu ya kufyatulia silaha, uliojengwa kabla ya mzingiro wa 1455. Ni miongoni mwa kuta za mwanzo kabisa Uskoti zilizofikiriwa kwa ajili ya mizinga. Ukiinama kwenye tundu moja na kutazama ng'ambo ya maji, unaona vilevile alivyoona aliyekuwa ameshika silaha: kipande kidogo cha nyasi na njia ya kuja.

Usidanganyike kwamba Archibald aliishi peke yake na ng'ombe wake kisiwani. Uchimbaji wa miaka ya 1970 ulionesha kuwa mnara ulikuwa na majengo mengine kuuzunguka. Unachokiona leo ni kama mti uliobaki baada ya shamba kufyekwa.

*Ngazi.* Kuna ngazi za mbao za kupandia mlangoni na ngazi za mawe ndani. Asiyetaka kupanda bado anapata nusu ya utamu: boti, kisiwa, ukuta wa nje, na ndege. Kipungu mla samaki huzalia maeneo haya, hivyo chukua darubini.

*Kisa.* Kiko tele. Juu ya mlango limetokeza jiwe, na wenyeji husema bwana alijisifu kwamba jiwe hilo halikosi kishada, kishada chenyewe kikiwa ni mtu aliyenyongwa. Mwaka 1455 mfalme James II, aliyekuwa amemuua bwana wa ukoo wa Douglas kwa mkono wake mwenyewe huko Stirling miaka 3 kabla, aliuzingira mnara kwa zaidi ya miezi 2. Mizinga haikumaliza kazi. Iliyomaliza ni hongo kwa walinzi. Utasikia pia kwamba ulibomolewa kwa mzinga mkubwa Mons Meg, uliopo sasa Edinburgh. Lakini tarehe ya mzinga huo kufika Uskoti ina utata, na wengine husema ni baada ya vita kwisha. Mwaka 1640 mnara ulizingirwa tena, wiki 13, kisha ukavunjwavunjwa usitumike tena.

*Unamfaa nani.* Mwenye siku nzima, mwenye watoto wanaochoka na mawe lakini hawachoki na boti, na mzee anayeweza kutembea ila hapendi ngazi. Haumfai mwenye haraka wala anayeogopa maji. Na msimu wa joto usisahau dawa ya usubi. Ukingo wa mto Uskoti una wadudu wasiopenda mgeni.

Smailholm: unaozuia kwa mwamba

*Njia.* Huu uko upande mwingine wa nchi, karibu na mji wa Kelso, kiasi cha saa 1 na ushee kwa gari kutoka Edinburgh. Unapita katikati ya shamba la Sandyknowe, jambo linalomfanya dereva mgeni adhani amepotea. Hujapotea, endelea. Treni hufika Tweedbank, na kutoka hapo ni teksi, usitegemee basi. Kutoka maegesho kupanda ni karibu, ila ni nyasi na mawe, na mvua ikinyesha mwamba unateleza kama sabuni.

*Jengo.* Ukitaka mnara uliobaki mnara, ni huu. Ulijengwa na ukoo wa Pringle karne ya 15, una urefu wa karibu mita 20, kuta zake zina unene wa zaidi ya mita 2, na una paa. Ndani kuna maonyesho ya wanasesere waliovalishwa mavazi ya kale na vitambaa vilivyofumwa, kutoka nyimbo za masimulizi za mpakani. Mke wangu aliyapenda, mimi niliyapita haraka. Mbele ya mnara kuna mabaki ya boma. Nasema boma kwa maana yake hasa: ukuta wa kuingizia mifugo usiku. Hesabu ya mwenye nyumba ilikuwa hiyo. Watu juu, ng'ombe bomani, na ukuta mmoja kati yao na wezi.

Panda mpaka njia ya mlinzi. Huko kando ya dohani la moshi kuna kiti cha jiwe, na karibu yake kishimo cha kuweka taa. Nilikaa. Mgongo ukagusa mawe ya dohani, mbele yangu upepo unapiga moja kwa moja, na nikaelewa aliyekichonga alikuwa na huruma: zamani, moto ukiwashwa ukumbini, mlinzi huyu peke yake kule juu alipashwa mgongo. Kwa upande mmoja unaona vilima vya Eildon, kwa upande mwingine Cheviot, ambako ndiko mpaka uliko na ndiko wevi walikotokea. Wengine walitokea upande huuhuu wa Uskoti, lakini hilo wenyeji hawalitaji kwa sauti.

*Ngazi.* Ni za mzunguko, nyembamba, zimechakaa katikati. Utaambiwa huzunguka upande ule ili mtetezi awe na nafasi ya upanga mkono wa kulia. Mimi sishawishiki, nadhani fundi alijenga alivyozoea. Ila mkono mmoja uwe huru kushika kamba au ukuta. Mtoto wa chini ya miaka 5 mshike wewe.

*Kisa.* Waingereza waliushambulia zaidi ya mara moja miaka ya 1540. Lakini habari inayowavuta watu hapa ni ya mtoto. Walter Scott alizaliwa 1771, akaugua akiwa bado hajafika miaka 2, mguu wa kulia ukalemaa. Wazazi wakampeleka kwa babu yake Sandyknowe, shamba lilelile ulilopita, apate hewa. Mtoto yule aliyebebwa na kulazwa kwenye nyasi chini ya mnara, akisikiliza hadithi za wizi na vita kutoka kwa wazee, ndiye baadaye akawa mwandishi aliyeifanya dunia nzima itake kuiona Uskoti.

*Unamfaa nani.* Mpenda fasihi, mpiga picha, na mwenye miguu mizuri. Ni wa nusu siku tu. Asiyepanda ngazi atabaki chini na upepo, na kofia yake itamkimbia. Ya Salma tuliifuata mpaka kwa kondoo.

Cardoness: unaozuia kwa mlango

*Njia.* Uko juu ya kilima kidogo kando ya barabara ya A75, kama kilomita 1 na nusu kutoka mji mdogo wa Gatehouse of Fleet. Kwa gari ndio rahisi kuliko yote: unauona kutoka barabarani. Kutoka maegesho kuna mwinuko mfupi lakini mkali.

*Jengo.* Ulijengwa na ukoo wa McCulloch mwishoni mwa karne ya 15, ghorofa 6. Hapa ndipo utaelewa vizuri jinsi nyumba hizi zilivyofikiriwa. Mlango uko chini, unakualika kabisa. Unaingia kwenye ukumbi mdogo kama sanduku. Tazama juu: kuna tundu darini, na aliyekuwa juu yake angeweza kukumiminia au kukuangushia alichotaka. Ndani ya unene wa ukuta kuna gereza, na chini yake gereza jingine ambalo mtu aliteremshwa kwa tundu la sakafuni. Nilimulika simu humo. Hakuna dirisha la kusema ni dirisha.

Halafu unapanda, ukumbi unafunguka, na unakuta mwenye nyumba huyohuyo alikuwa na macho ya uzuri. Meko ni kubwa, yamechongwa vizuri, na ukutani kuna vidaka vilivyonakshiwa. Nasema vidaka kwa sababu ndilo neno. Mtu wa Lamu angejua mara moja kwamba hapo viliwekwa vyombo ili mgeni avione.

*Ngazi.* Nyingi, za mzunguko, hadi juu. Sakafu za ghorofa za juu zimekwisha, kwa hiyo meko ya vyumba yanaelea ukutani yakiwa hayana chumba. Ukifika kileleni unaiona ghuba ya Fleet, na maji yakipwa mchanga unang'aa mbali.

*Kisa.* Ukoo uliupoteza mnara kwa madeni karne ya 17, ukaingia kwa ukoo wa Gordon, na kinyongo kikabaki. Mwaka 1690 Sir Godfrey McCulloch alimpiga risasi jirani yake wa ukoo wa Gordon akamuua, akatoroka. Aliporudi Uskoti alitambuliwa, inasimuliwa kanisani, na mwaka 1697 alikatwa kichwa Edinburgh.

*Unamfaa nani.* Vijana wa kuanzia miaka 9 au 10 wanaopenda habari za magereza na matundu, na yeyote anayetaka kuelewa nyumba badala ya kupiga picha tu. Goti bovu likae nyumbani.

Orchardton: unaojificha

*Njia.* Kusini mwa Dalbeattie, karibu na kijiji cha Palnackie, kwa barabara za shambani ambazo magari mawili yakikutana mmoja anarudi nyuma. Bila gari ni taabu. Ukifika, mnara uko hatua chache tu kutoka maegesho, kwenye nyasi, na pengine hakuna mtu mwingine.

*Jengo.* Ni mdogo na ni wa duara. Alijengewa, au alijijengea, John Cairns kwenye miaka ya 1450. Nyumba-mnara nyingine ya duara hakuna Uskoti nzima, zote zina pembe, na hakuna anayejua kwa hakika kwa nini huyu bwana alitaka tofauti. Ndani mna uwazi hadi juu. Kwenye chumba cha ghorofa ya kwanza kuna kidaka chenye tao la mikunjo mitatu, na ndani yake bakuli la jiwe lenye tundu la kupitishia maji. Ni mahali pa kuoshea vyombo vya ibada, kwa hiyo inaelekea watu walisali chumbani humo. Salma aliweka kidole kwenye tundu akasema, "Baba, ni kama sinki letu."

*Ngazi.* Moja tu, ndani ya ukuta, nyembamba mno. Mwenye mwili kama wangu hupanda ubavu ubavu, na mlango wa juu ni mfupi. Nilisalimiana nao kwa paji la uso. Lakini ni fupi, na asiyepanda anauona mnara wote kwa kuuzunguka.

*Kisa.* Kidogo. Hapakuzingirwa na wafalme.

*Unamfaa nani.* Asiye na bajeti, mwenye mtoto mdogo sana, mzee asiyeweza kutembea mbali, na mtu anayependa kukaa na jiwe kimya. Nusu saa inatosha. Kuja kutoka Glasgow kwa ajili ya huu peke yake ni mbali.

Sasa, kwa hali yako

Kama unakaa Edinburgh au Newcastle na una nusu siku, swali limeshajibika: Smailholm, mingine ni mbali mno. Kama uko Glasgow au Carlisle, yote mitatu ya Galloway iko njia moja, na kutoka mmoja hadi mwingine ni kama nusu saa ya gari. Miwili kwa siku inatosha. Anza Threave asubuhi, kwa sababu boti ina saa zake na hazikungoji, kisha umalizie Cardoness kama miguu ipo, Orchardton kama imekwisha.

Huna gari? Threave kwa basi na teksi, au Smailholm kwa treni na teksi. Mkiwa wanne teksi inalipa, ukiwa peke yako utaisikia mfukoni. Safari ikiangukia majira ya baridi, Orchardton ndio wenye nafasi kubwa ya kukutwa wazi. Kwa kiti cha magurudumu, hakuna hata mmoja kati ya minne ambao ndani yake panaingilika, na mwambie mgeni wako kabla, si mkiwa mlangoni.

Ukiwa na watoto wa rika tofauti, mkubwa anataka gereza na mdogo anataka bata, Threave unawagawia wote. Ukiwa na mgeni mmoja aliyesoma Scott, usibishane naye, mpeleke Smailholm.

Mimi mama nilimshauri Orchardton, kwa ajili ya goti. Akanisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Mwanangu, goti langu linagombana na ngazi, halijagombana na barabara. Nipeleke kwenye boti." Tukaenda Threave. Njia ile ya kilomita alitembea akiwa mbele yetu, amejifunga leso juu ya koti. Gatini akapiga kengele mara moja, akangoja. Ng'ambo hakuna aliyetikisika. Akaipiga tena, kwa nguvu zaidi, kama anamwita mtoto aliyetumwa chumvi akapotelea kwenye mpira, na tukaona boti inageuka.